Jinsi ya kufuatilia chemchemi na visima karibu na mgodi wa makaa ya mawe

Chemchemi ikipungua baada ya mgodi wa makaa ya mawe kufunguliwa, jibu la kwanza wanalopewa wanakijiji ni kwamba mvua zimepungua. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Bila vipimo vya kabla ya mgodi, hakuna awezaye kuthibitisha lolote, na hasara ya kukosa ushahidi huwaangukia wanaoyanywa maji hayo.

Mwongozo huu ni wa kamati za maji, walimu na wanafunzi wao, wakulima, wafugaji na yeyote aishiye jirani na mgodi au mahali panapotarajiwa kuchimbwa. Niseme msimamo wangu mapema: vipimo vichache na rahisi, vinavyochukuliwa kila mwezi kwa miaka mitatu bila kukatika, vina nguvu kuliko ripoti moja nene ya maabara. Ripoti moja inaeleza maji yalivyokuwa siku hiyo tu. Mfululizo wa vipimo unaonyesha yalivyobadilika, na lini.

Elewa kwanza mgodi unayafanyia nini maji

Watu wengi hutazama ubora wa maji wakasahau wingi wake, ilhali mara nyingi wingi ndio unaoguswa kwanza. Ili makaa yachimbwe, maji yaliyo kwenye miamba lazima yavutwe kwa pampu. Maji ya ardhini ya jirani hukimbilia shimoni na usawa wake hushuka pande zote. Chemchemi ipo pale tu ambapo usawa huo unakutana na uso wa ardhi, kwa hiyo ukishuka hata nusu mita chemchemi inaweza kukauka huku kisima kirefu cha jirani kikiendelea kutoa maji kama kawaida. Katika migodi ya chini ya ardhi ambako tabaka zima la makaa huondolewa na dari kuachwa iporomoke, miamba ya juu hupasuka. Hapo chemchemi inaweza kukatika ghafla, na pengine maji yakatokea tena chini zaidi bondeni yakiwa na ladha nyingine.

Ubora nao huharibika kwa sababu makaa na miamba iliyo pamoja nayo mara nyingi huwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa. Yakiwa yamefunikwa chini hayana madhara. Yakichimbuliwa na kupata hewa na maji, hutoa asidi ya salfuriki na chuma kilichoyeyuka, na bakteria huharakisha kazi hiyo asidi inapozidi. Asidi hiyo nayo huyeyusha manganizi, alumini na metali nyingine kutoka kwenye miamba.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi: kukiwa na mawe ya chokaa ardhini, asidi hutulizwa kabla haijafika kwenye chemchemi. Mita ya pH, yaani kipimo cha asidi ambapo 7 ni katikati na chini yake ni asidi, itaonyesha 7 na utadhani maji ni salama, kumbe yamejaa salfeti (chumvi inayobaki kutokana na asidi hiyo ya salfuriki) na chumvi nyingine za mgodi. Mtu anayepima pH peke yake anaweza kukaa miaka mingi bila kuona kitu.

Hatua ya 1: Tembea, uandike kila mahali maji yanapotoka

Fanya hivyo mwishoni mwa kiangazi. Chemchemi inayotiririka wakati huo inategemea maji ya ardhini, na ndiyo itakayoguswa na pampu za mgodi. Rudi tena katikati ya masika uandike zile za msimu. Nenda na wazee na wachunga mifugo, kwa maana wanajua vijicho vya maji visivyo kwenye ramani yoyote.

Kwa kila sehemu andika jina linalotumika na wenyeji, mahali ilipo kwa GPS ya simu, mwinuko wake, nani anatumia maji hayo na kwa kazi gani, kisha piga picha ukisimama mahali utakapoweza kusimama tena. Usiache ardhi chepechepe hata kama haitiririshi maji.

Angalia kwa makini zaidi chemchemi zilizo ndani ya eneo ambalo mgodi unakusudia kumwaga kifusi. Huko Aberfan, Wales, rundo namba 7 la mabaki ya mgodi wa makaa lilikuwa limemwagwa juu ya chemchemi. Tarehe 21 Oktoba 1966, rundo lililolowa maji liliporomoka juu ya shule na nyumba, likaua watu 144, watoto 116 miongoni mwao. Ukiona ramani ya mgodi inaweka kifusi juu ya chemchemi uliyoiandika, usisubiri vipimo. Wapelekee barua, yenye picha na mahali chemchemi ilipo, mwenye mgodi na mamlaka inayotoa vibali.

Hatua ya 2: Chagua vituo vya kupimia

Chagua idadi ambayo watu wawili wanaweza kuizungukia kwa siku moja. Vituo sita vinavyopimwa kweli ni bora kuliko ishirini vinavyoachwa mwezi wa nne. Hakikisha una angalau chemchemi moja au mbili zinazotegemewa sana na watu, kisima kimoja kati yake na mgodi, na sehemu mbili kwenye kijito: moja juu ya mgodi, kabla kijito hakijaufikia, na nyingine chini yake, baada ya kuupita.

Halafu kuna kituo ambacho watu hupenda kukiacha kwa kuwa kiko mbali na hakina tatizo: chemchemi ya kulinganishia. Iwe na miamba ya aina ileile, ipate mvua ileile, lakini iwe upande ambao mgodi hauwezi kuufikia. Bila hiyo hutaweza kumjibu mtu anayesema ni ukame. Kama una nafasi ya kituo kimoja tu zaidi, kiwe hicho.

Hatua ya 3: Anza kabla ya mgodi

Pata angalau mwaka mzima wa vipimo kabla ya uchimbaji, ili masika na kiangazi vyote viwemo. Muda ukiwa mfupi, pima kila wiki.

Kama mgodi umeshaanza, anza hata hivyo. Tafuta ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, kumbukumbu za wachimbaji wa visima (huandika kina cha maji siku ya kuchimba), na picha za zamani zinazoonyesha kijito au bwawa. Omba pia kwa maandishi kumbukumbu za mgodi za kiasi cha maji yanayovutwa kwa pampu kila siku. Takwimu hiyo moja hueleza mengi.

Hatua ya 4: Pima wingi wa maji

Kwa chemchemi ndogo, ndoo na saa ya simu vinatosha. Elekeza maji yote kwenye bomba au mfereji mmoja ili yaanguke ndani ya ndoo, kisha hesabu sekunde hadi ndoo ijae. Rudia mara tano, chukua wastani. Ndoo ya lita 10 ikijaa kwa sekunde 25, chemchemi inatoa lita 0.4 kwa sekunde, yaani lita 34,560 kwa siku. Ikijaa chini ya sekunde tano, tafuta chombo kikubwa zaidi, maana kosa la kidole kwenye saa litaharibu hesabu. Na hakikisha maji hayapenyi pembeni, kwa kuwa maji yanayovuja bila kupimwa ndiyo chanzo kikubwa cha vipimo vinavyopanda na kushuka bila sababu.

Kwa chemchemi kubwa au kijito, weka bamba lenye pengo la umbo la V la nyuzi 90, lililozibwa vizuri pembeni na chini, huku maji yakianguka huru upande wa pili. Pima kimo cha maji kuanzia ncha ya chini ya V, lakini usipimie penye pengo lenyewe kwa kuwa maji huinama pale. Pimia nyuma, umbali wa angalau mara nne ya kimo hicho. Kimo cha sentimita 5 ni kama lita 0.8 kwa sekunde, sentimita 10 ni lita 4.4, na sentimita 15 ni lita 12. Ona jinsi kimo kinavyoongezeka kidogo tu na wingi ukapanda sana. Ndiyo sababu rula isomwe hadi milimita.

Kwa kisima, shusha utepe wa kupimia wenye uzito mwishoni, ukiwa umepakwa chaki ili uone ulipolowa. Pima alfajiri kabla watu hawajaanza kuchota. Chora alama ya kudumu kwenye ukingo wa kisima na upime kutoka hapo daima. Ukingo ukijengwa upya, pima tofauti ya alama ya zamani na mpya kabla ya fundi kuiondoa ile ya zamani.

Hatua ya 5: Pima ubora papo hapo

Vipimo vitatu hufanywa kwenye chemchemi yenyewe: joto, pH na upitishaji umeme wa maji. pH haisubiri, maana maji yakikaa kwenye chupa hewa ukaa hutoka, chuma huganda, na namba hubadilika kabla hujafika nyumbani.

Upitishaji umeme, unaosomwa kwa mikrosiemensi kwa sentimita, ndicho kipimo kinachofaa zaidi kwa mtu asiye na maabara. Huonyesha jumla ya chumvi zilizoyeyuka, na chumvi za mgodi huongeza namba hii hata pale pH inapobaki 7. Maji mengi ya chemchemi safi huwa chini ya 500, yale ya mgodi mara nyingi hupita 1,000. Lakini namba ya chemchemi yako ya jana ndiyo muhimu. Ikiwa kwa mwaka mzima ilikuwa kati ya 110 na 140, kisha ikafika 260 na kubaki hapo, kuna kitu kimeingia ardhini, hata kama maji bado ni matamu.

Viumbe vya majini huumia mapema kuliko binadamu. Mwaka 2011 shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliweka kiwango cha mikrosiemensi 300 kwa vijito vya milima ya Appalachia ya kati, ambacho juu yake baadhi ya aina za wadudu wa asili wa majini huanza kutoweka. Mtu anaweza kuyanywa maji ya 300 bila kuhisi lolote.

Rekebisha mita kila siku ya kazi: pH kwa myeyusho wa 4 na 7, upitishaji umeme kwa myeyusho wa 1,413. Andika daftarini kwamba umefanya hivyo na mita ilisoma ngapi kabla ya kurekebishwa. Siku ya mabishano, ukurasa huo ndio utakaoulizwa.

Hatua ya 6: Peleka sampuli maabara

Mara mbili hadi nne kwa mwaka zinatosha ikiwa vipimo vya kila mwezi vinaendelea. Omba salfeti, ualkali (uwezo wa maji kuituliza asidi), kloridi, naitreti, kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, chuma, manganizi na alumini. Angalau mara moja kwa mwaka ongeza arseniki, seleniamu na risasi. Tumia maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, na isiwe ya mgodi.

Suuza chupa na kizibo mara tatu kwa maji ya chemchemi ileile, kisha jaza. Isipokuwa chupa za metali ambazo maabara imetia asidi ya naitriki ndani: hizo usizisuuze wala kuzifurisha, na vaa glavu. Kwa metali zilizoyeyuka, maji huchujwa kwanza kwa kichujio cha mikromita 0.45 kabla ya kukutana na asidi, la sivyo asidi itayeyusha vumbi na matope, na utapata chuma kingi ambacho hakikuwa kimeyeyuka. Weka chupa kwenye boksi lenye barafu. Katika kila sampuli kumi, tia moja pacha ya nyingine bila kuiambia maabara, na moja ya maji yaliyotoneshwa. Majibu ya pacha yakitofautiana sana, usiyategemee majibu ya siku hiyo.

Kila chupa iandikwe kituo, tarehe, saa na mchukuaji, na kila anayeipokea atie sahihi hadi inapofika maabara.

Hatua ya 7: Tumia macho

Matope ya rangi ya chungwa chini ya maji ni chuma. Utando mweupe kwenye mawe huweza kuwa alumini, na ngozi nyeusi juu ya mawe manganizi. Piga picha, lakini usikimbilie hukumu. Zipo chemchemi safi zenye bakteria wa chuma wanaofanya utelezi wa rangi hiyohiyo na utando juu ya maji unaong'aa kama mafuta. Uguse kwa kijiti: wa bakteria huvunjika vipandevipande, wa mafuta huvutana na kujifunga tena. Rangi ya chungwa ikiambatana na salfeti inayopanda, hapo shaka juu ya mgodi ina msingi.

Geuza mawe kijitoni mara mbili kwa mwaka. Lava (wadudu wachanga wa majini) wenye matamvua pembeni mwa tumbo na mikia mitatu myembamba, na wale wanaojijengea vijumba vya mchanga, wengi wao hawavumilii maji machafu. Wakitoweka chini ya mgodi huku wakibaki juu yake, andika.

Hatua ya 8: Andika mvua, na mengine yote yanayovuta maji

Kipima mvua kisomwe kila asubuhi saa ileile. Andika pia visima vipya vilivyochimbwa, mashamba yaliyoanza kumwagiliwa, misitu iliyokatwa au kupandwa, na siku za milipuko mgodini.

Faida yake inaonekana Black Mesa, Arizona, katika ardhi za Wanavajo na Wahopi. Huko maji ya ardhini yalitumika kusukuma makaa yaliyosagwa ndani ya bomba la karibu kilomita 440 hadi kituo cha umeme cha Mohave, Nevada, mpaka mwishoni mwa 2005. Mpango wa ufuatiliaji wa shirika la jiolojia la Marekani, USGS, ulianza 1971. Hupima visima, chemchemi na vijito, na hurekodi mbali mbali maji yaliyovutwa kwa ajili ya mgodi na yale ya makazi. Wasingetenganisha hivyo, kila upande ungeweza kuutupia mwingine lawama.

Hatua ya 9: Zisome takwimu

Chora grafu kila baada ya miezi mitatu, chemchemi yako na ya kulinganishia kwenye karatasi moja, mvua chini yake. Wakati wa ukame zote mbili hushuka polepole, na mvua zikirudi zote hupanda. Mgodi ukiwa ndio sababu, yako hushuka peke yake, au mvua hunyesha na isipande. Njia rahisi ni kugawanya: tuseme kabla ya mgodi chemchemi yako ilikuwa ikitoa maji mara mbili ya ile nyingine, masika kwa kiangazi. Sasa zinalingana. Umepoteza nusu ya maji, na mvua haiwezi kulaumiwa, kwa sababu zote mbili zinanyeshewa mvua ileile.

Kwa ubora, ishara ya mapema ni salfeti kupanda huku ualkali ukishuka. Hiyo maana yake asidi inafika na ardhi bado inaituliza, lakini akiba inaisha. pH hushuka mwisho kabisa, na ikianza huenda haraka. Kumbuka pia kwamba vipimo vya pH haviendi kwa hatua sawa za kawaida: 5 ina asidi mara kumi ya 6. Kloridi, naitreti na bakteria vikipanda pamoja bila salfeti, chunguza vyoo na mazizi kwanza. Naitreti ikipanda pamoja na salfeti, kumbuka kwamba baruti za migodini nyingi hutengenezwa kwa amonia naitreti.

Hatua ya 10: Ukiona mabadiliko

Pima tena ndani ya siku mbili, na mita nyingine kama ipo, kisha chukua sampuli. Wakati huohuo waeleze wanaokunywa. Kuchemsha hakuondoi salfeti, arseniki wala manganizi. Maji yakipungua kwa mvuke, vitu hivyo huzidi kukolea. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita kwa arseniki, 0.04 kwa seleniamu, 0.08 kwa manganizi na 50 kwa naitreti. Salfeti haina kiwango cha kiafya, ila ikipita kama 1,000 inaweza kulegeza tumbo. Watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo ndio wa kutafutiwa maji mengine kwanza.

Andikeni barua yenye grafu moja, jedwali moja na ombi moja lililo wazi, kama vile maji mbadala ndani ya muda uliotajwa. Pelekeni nakala kwa mamlaka ya maji na ya mazingira, na msitoe daftari halisi mikononi mwa mtu yeyote. Someni sheria ya nchi yenu kuhusu kurudishiwa maji. Marekani, kwa mfano, sheria ya 1977 iliwabana wachimbaji wa migodi ya wazi kurudisha maji waliyoyaharibu, na mwaka 1992 wajibu huo ukafikishwa kwa migodi ya chini ya ardhi kwa maji ya kunywa na ya nyumbani.

Msiingie kamwe ndani ya mgodi uliotelekezwa kutafuta sampuli. Hewa yake huweza kukosa oksijeni bila harufu yoyote ya kukuonya. Maji yapimwe nje, yanapotokea.

Mgodi ukifungwa

Msiache kupima. Pampu zikizimwa, mashimo na njia za chini hujaa maji kwa miaka, pengine makumi ya miaka, na maji hayo hukusanya chumvi za pairaiti zilizokaa kwenye hewa muda wote wa uchimbaji. Hutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote: mlango wa zamani wa mgodi, kisima kilichosahaulika, au chemchemi iliyokauka na kufufuka. Maji ya mwanzo ndiyo mabaya zaidi.

Vipimo vinaweza kupunguzwa hadi mara moja kila miezi mitatu, lakini kina cha visima kiendelee kuandikwa, kibadilishwe kuwa mwinuko na kilinganishwe na mwinuko wa tundu hilo la chini. Maji yakibakiza mita chache kulifikia, rudini kupima kila wiki, na ombeni maabara ianze kupima salfeti na chuma katika maji ya visima hivyo kabla tone la kwanza halijatoka kwenye tundu hilo.